Picha ya vipande vipande kwa simu yako, usisimame sehemu moja

Wengi wakisikia kolaji ya kikubisti, yaani picha kubwa inayoungwa kwa picha ndogo ndogo zilizopigwa toka pande tofauti, wanapiga picha moja halafu wanaikata vipande kwenye app. Hapana jamani, siyo hivyo, vipande vinapigwa kimoja kimoja na wewe ndo unatembea.

Aliyenifanya nipende hii kitu ni David Hockney, mchoraji wa Uingereza. Alianza 1982 na Polaroid, zile picha zinazotoka papo hapo kwenye kamera, anazipanga safu kwa safu, wazo amelitoa kwa kina Picasso na Braque, wachoraji walioanzisha ukubisti, kwamba kitu kimoja ukione toka pande kadhaa kwa mpigo. Mwezi wa nne 1986 akapiga barabara ya Pearblossom Highway kule California, mamia ya picha kwa siku nane hivi, na kile kibao cha stop alikipandia ngazi akipige uso kwa uso. Ukiiangalia unaona kama umesimama mbali lakini kila kitu kiko karibu na wewe, na siri yote iko hapo.

Sasa tafuta mtu anayefanya kazi ya mikono, mimi nilimpiga mama anapepeta mchele. Akae kivulini maana jua likihama rangi zinagombana. Usitumie panorama, na zoom usiiguse kabisa, ukitaka karibu sogea kwa miguu. Piga kama 50, kila moja iingiliane na ya jirani yake kama theluthi hivi. Uso upige mara tatu nne kwa muda tofauti, akiangalia chini, akicheka, akikujibu. Ungo uinamie kutoka juu kabisa mpaka uonekane duara, halafu miguu chuchumaa uipige usawa wake. Ile picha ambayo mchele uko hewani na vidole vimekaza ukingo wa ungo, hiyo ndo moyo wa kazi yako, kwa hiyo piga nyingi hapo usione uvivu.

Kaprinti studio saizi ndogo ya kawaida, zisizo na fremu nyeupe. Zima feni, zimwage sakafuni, anza na mikono ndo uende nje. Mara ya kwanza mimi nilikata kingo ili mistari ya kanga ikutane vizuri, ikatoka picha ya kawaida tu yenye viraka, sikuipenda kabisa. Acha mistari ipishane, mkono ukitokea mara mbili sawa tu, maana kweli ulikuwa sehemu mbili.

Usibandike siku hiyo hiyo. Piga picha mpangilio kwa simu, lala, kesho uangalie tena, utahamisha kama tano sita hivi. Ndo upake gundi ya kijiti, ya maji inakunja karatasi, ubandike kwenye manila, na za pembeni ziache zitokeze nje, usizinyooshe na mkasi.