Waifai ya meshi kwenye nyumba ya kuta za zege: kuchagua na kuifunga

Kabla ya kununua chochote, pima. Simama mita moja au mbili kutoka kwenye kisanduku cha faiba, pima kasi kwa simu, kisha nenda chumba chenye shida upime tena. Umelipia Mbps 20 na hapo hapo kisandukuni unapata 5? Meshi haitakusaidia, piga simu kwa kampuni ya intaneti. Lakini ukipata 19 sebuleni na 2 chumbani, kinachokuangusha ni kuta, na hapo meshi ina kazi ya kufanya.

Meshi ni vituo viwili au zaidi vinavyorusha mtandao wa jina moja. Kituo kikuu huunganishwa kwa kebo na kisanduku cha faiba, vingine hupokea kutoka kwake na kurusha mbele. Nyumba ya chini ya vyumba vitatu, kuta za tofali za saruji, kwa kawaida inatosheka na viwili. Ghorofa inahitaji angalau kimoja kila sakafu, kwa sababu slabu ya zege yenye nondo huzuia mawimbi kuliko kuta nyingi za ndani. Usinunue vitatu kwa kuwa tu vinauzwa kwenye boksi moja. Vikibanana vinaingiliana, na simu hung'ang'ania kituo cha mbali wakati kingine kiko karibu yake.

Namba kubwa kwenye boksi zinadanganya kidogo. AC1200 maana yake ni Mbps 300 kwenye bendi (masafa ya mawimbi) ya GHz 2.4 ukijumlisha na 867 kwenye GHz 5, tena hizo ni kasi za karatasini. Bendi ya 2.4 hupenya kuta vizuri zaidi lakini ni ya polepole. Ya 5 ina kasi ila huchoka haraka. Kwenye meshi ya bendi mbili isiyo na kebo, bendi ile ile inayohudumia simu yako ndiyo inayobeba data kati ya vituo, kwa hiyo kasi kwenye kituo cha pili huweza kushuka hadi karibu nusu. Za bendi tatu hupunguza tatizo hilo, kwa bei ya juu. Kwa kifurushi cha Mbps 20 au 40, bendi mbili zinatosha.

Kitu ambacho wengi hawakiangalii ni matundu ya kebo. TP-Link Deco E4 na M4 zote ni AC1200 na zinafanana sana, ila matundu ya E4 yanaishia Mbps 100 na ya M4 yanafika 1000. Mwenye kifurushi cha Mbps 200 akinunua E4 atakuwa analipia nusu asiyoiona.

Kituo cha pili hakikai ndani ya chumba chenye shida. Kikiwekwa huko nacho kitapokea mawimbi hafifu na kurusha uhafifu huo huo. Kiweke katikati ya njia, mita 8 hadi 10 kutoka kituo kikuu, ukuta mmoja au miwili tu ukiwa kati. Korido ni mahali pazuri, na kwa ghorofa, karibu na ngazi, ambako slabu imeachwa wazi. Kikae juu ya meza au rafu, si nyuma ya televisheni, si ndani ya kabati, si jirani na friji au kioo kikubwa.

Kama unaweza kupitisha kebo kati ya vituo, pitisha. Hakuna pesa utakayotumia vizuri zaidi kwenye kazi hii. Nunua kebo ya mtandao ya aina ya Cat5e au Cat6, ya shaba tupu. Kwaruza waya kwa wembe: ukiona weupe ndani, ni alumini iliyopakwa shaba, iache dukani. Mpangilio wa nyaya kwenye plagi, ncha zote mbili: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Jozi ya bluu au ya kahawia isiposhika, mtandao bado utafanya kazi lakini utakwama kwenye Mbps 100, na fundi atakuapia kuwa kebo ni nzima.

Kufunga kwenyewe:

1. Zima kisanduku cha faiba, chomeka kebo kutoka tundu la LAN hadi kituo kikuu, kisha washa vyote.
2. Fungua kwenye simu programu ya kampuni iliyotengeneza meshi, bluetooth na huduma ya mahali (location) vikiwa vimewashwa.
3. Upe mtandao mpya jina na nenosiri lile lile la zamani, vifaa vyote vijiunge vyenyewe. Kisha ingia kwenye mipangilio ya kisanduku uzime waifai yake, la sivyo simu zitaendelea kukirudia.
4. Ongeza kituo cha pili kikiwa chumba kimoja na kikuu. Sasisha programu yake, subiri taa itulie, ndipo ukihamishe.
5. Kisanduku cha faiba mara nyingi tayari kinafanya kazi ya ruta, yaani kugawa intaneti kwa vifaa vyako. Ukiacha meshi nayo ifanye hivyo, printa iliyounganishwa kisandukuni haitaonekana na michezo ya mtandaoni itasumbua. Badilisha meshi iwe aksesi pointi, yaani irushe waifai tu na kazi ya ruta ikiachiwe kisanduku. Ujue tu kwamba meshi nyingi hapo hupoteza udhibiti wa matumizi ya intaneti ya watoto.

Kamera na soketi janja nyingi zinashika 2.4 peke yake. Zikigoma kuunganishwa, zima bendi ya 5 kwa dakika chache, ziunganishe, kisha uiwashe.

Kwa umeme unaokatika, weka UPS ndogo (betri ya akiba) ya volti 12, lakini soma kwanza adapta: volti lazima zilingane, na jumla ya ampea za kisanduku na kituo kikuu isizidi za UPS. Kituo cha pili nacho kinahitaji yake. Na umeme ukirudi huku taa ya meshi ikibaki nyekundu, mara nyingi imewaka kabla ya kisanduku kuwa tayari. Zima kituo kikuu, subiri kisanduku kishike laini, washa tena.