Kuwajenga Wakutubi wa Chuo Wafundishe kama Timu: Hatua kwa Hatua

Muhula mpya ukianza, maktaba nyingi za vyuo huwa na mkutubi mmoja mwenye kipaji cha kusema, na ndiye anayesukumwa mbele ya ukumbi wa mwaka wa kwanza. Wenzake wanabaki kaunta. Siku akienda masomoni, slaidi zinaondoka naye kwenye flashi na maktaba inaanza upya. Hatua hizi zinaifaa timu ndogo isiyo na bajeti ya semina hotelini.

Hatua ya 1: Orodhesheni nani tayari anafundisha

Msiishie kwa wanaosimama darasani. Anayemfuata mwanafunzi hadi rafuni na kumwonyesha jinsi ya kusoma namba ya kitabu anafundisha. Wa uorodheshaji, anayejua kwa nini katika Dewey, mfumo wa kupanga vitabu kwa namba za mada, historia ya Tanzania imekaa 967.8 na ya Kenya 967.62, ana somo zima ambalo hajawahi kuombwa alitoe. Andikeni majina ubaoni bila vyeo.

Hatua ya 2: Chagueni wazo moja

Mwaka 2016 chama cha maktaba za vyuo cha Marekani, ACRL, kilipitisha mwongozo wenye mawazo makuu sita kuhusu taarifa na utafiti. Ni mzuri, ila ukisomwa wote kikaoni watu watasinzia. Chukueni moja: uzito wa chanzo hutegemea swali linaloulizwa. Kisha litafutieni mfano wa hapa hapa. Mwanafunzi anaandika kuhusu mikoko ya delta ya Rufiji. Ana makala ya jarida aliyoipata kupitia Research4Life, mpango unaozipa taasisi za nchi zenye kipato kidogo majarida ya kitaaluma mtandaoni, ana ripoti ya wizara, na amezungumza na mvuvi aliyezeekea pale. Nani aaminiwe kwa lipi? Bishaneni ninyi kwanza. Msipobishana, mfano ni mwepesi, tafuteni mwingine.

Hatua ya 3: Angalianeni mkifundisha

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na ndipo watu wanapoogopa.

Kabla ya kipindi, anayefundisha aseme anataka aangaliwe nini. "Angalia kama wanaelewa ninapoeleza kutafuta makala kwa AND na OR" inatosha. Mwangalizi akae nyuma na aandike wanafunzi wanafanya nini, si mwalimu anakosea wapi. Tofauti hiyo inaonekana ndogo, lakini ndiyo inayoamua kama mtu atakubali kuangaliwa tena.

Baada ya kipindi, siku hiyo hiyo, mwalimu ndiye aanze kusema. Mwangalizi afuate na alichokiona: "Mama, ulipofika kwenye kanzidata, safu mbili za nyuma bado walikuwa wanahangaika na nywila ya Wi-Fi." Sentensi hiyo haimhukumu mtu, na wiki ijayo nywila itaandikwa ubaoni kabla ya salamu.

Karatasi ya maelezo abaki nayo aliyefundisha. Isiende kwa bosi wala isiingie PEPMIS, mfumo wa serikali wa kupima utendaji wa watumishi wa umma. Ikigusa tathmini ya kazi hata mara moja tu, kila mtu ataanza kufundisha maigizo.

Kuna suala la heshima. Kwetu msaidizi wa maktaba hawezi tu kumwambia mkuu wa idara, anayemwamkia shikamoo kila asubuhi, kwamba darasa halikumwelewa. Kwa hiyo mkuu awe wa kwanza kuangaliwa, na aangaliwe na kijana. Akikataa, rudini hatua ya kwanza. Bado hamjawa tayari.

Hatua ya 4: Wekeni masomo mahali pamoja

Folda moja ya pamoja mtandaoni, kila somo ukurasa mmoja: lengo, mfano, zoezi, na kilichogoma. Hicho cha mwisho ndicho kinachomsaidia anayekuja kupokea somo. Slaidi tupu bila maelezo hazina faida kwa mtu mwingine.

Hatua ya 5: Someni vikaratasi pamoja

Dakika tatu za mwisho za kipindi, mwanafunzi aandike bila jina kitu kimoja alichokielewa na kimoja kinachomchanganya. Ijumaa, chai ikiwa mezani, wote wavisome, pamoja na wa kaunta, kwa sababu hao ndio watakaoulizwa maswali hayo Jumatatu. Swali likijirudia kwenye madarasa mawili, lipewe mtu alitengenezee zoezi na mwenzake apangwe kumwangalia akilijaribu. Msipange mizunguko hii karibu na mitihani; wakati huo hata kiti cha kukalia mwangalizi hakipatikani.