Saratani ya umio: dawa na mionzi kwa pamoja, kwa mgonjwa anayetoka Tanga

Uvimbe usiofaa kupasuliwa, lakini ambao haujafika viungo vya mbali, mara nyingi hutibiwa kwa dawa na mionzi kwa wakati mmoja. Dawa huzifanya seli za saratani zishindwe kujirekebisha baada ya kupigwa mionzi. Mpango wa kawaida ni mionzi siku 5 kwa wiki, mara 25 hadi 28, jumla grei (kipimo cha mionzi) 50 hivi, pamoja na dripu ya dawa za kaboplatini na paklitakseli kila wiki. Ukienda taasisi ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, panga malazi ya wiki 6. Kurudi Tanga katikati hakufai: siku zikirukwa, seli zilizobaki huota upya.

Lishe ndiyo huangusha wengi. Anayemeza uji tu aulizie mpira wa kulishia kabla ya kuanza, maana kuanzia wiki ya 2 au ya 3 umio huwaka na kumeza huzidi kuwa kugumu. Uji wa maziwa na karanga zilizosagwa laini, kidogo kidogo kila saa 2. Pilipili, ndimu na chai ya moto viachwe. Uzito upimwe kila wiki.

Damu hupimwa kabla ya kila dripu. Chembe nyeupe, zinazopigana na maambukizi, zikishuka, dripu huahirishwa. Homa ya nyuzi 38 ni dharura hata usiku wa manane. Aliyekwisha rudi nyumbani apelekwe hospitali ya Bombo, Tanga, saa hiyohiyo, asimeze vidonge na kusubiri. Akikohoa kila anywapo maji, huenda umio umetoboka kuelekea njia ya hewa: acheni kumnywesha, mwoneni daktari mara moja.