Kumchagulia mtoto kitabu bila kubahatisha

Usianze na jalada, jalada linadanganya sana. Fungua ukurasa wa katikati umpe asome kwa sauti, kila neno asilolijua akunje kidole kimoja, vikifika vitano basi hicho bado kigumu, msomee wewe au kirudishe tu. Kwa hadithi angalia kama mhusika ana shida ya kweli na anahangaika nayo mwenyewe, zile za kuhubiri mwanzo mwisho watoto wanazishtukia mapema mno (hata mimi zilinichosha). Vya maarifa cheki mwaka wa kuchapwa, maana kitabu cha anga cha kabla ya 2006 kitamwambia Pluto ni sayari ya 9 wakati mwaka huo iliondolewa kwenye orodha ya sayari, halafu tafuta faharasa na picha zenye maelezo. Akitaka katuni mwache bana, nako ni kusoma.