Kabla hamjaelekea magharibi ya Marekani wawili kwa gari: ndugu, milima na chumvi

Kama wewe na mwenzi wako mnapanga kumaliza kiangazi chenu magharibi ya Marekani, mkitembelea ndugu na kulala kwenye mahema kwa safari moja, soma hapa kwanza. Sisi tuliondoka Des Moines mwanzoni mwa Julai tukarudi baada ya wiki 5. Tuliona mengi mazuri na ningeenda tena hata kesho. Lakini kuna siku moja kati ya hizo ambayo mpaka leo nikiikumbuka nashika kifua, na kosa lilikuwa letu wenyewe.

Gari nitalisema kwa ufupi. Angalia matairi, pamoja na la akiba na jeki yake, badilisha oili, na hakikisha kiyoyozi kinapooza kabla hujaingia jangwani. Tenki likifika nusu, jaza. Barabara ya I-70 kati ya Green River na Salina, huko Utah, ina zaidi ya kilomita 160 bila sheli hata moja, na sehemu kubwa ya njia hiyo simu haishiki. Pakua ramani mkiwa nyumbani. Mjue pia kwamba Arizona haisogezi saa mbele wakati wa kiangazi kama majimbo mengi, ila eneo la Wanavajo, wenyeji wa asili, lililo humo ndani linasogeza, kwa hiyo mkiwa na miadi ya saa fulani ulizeni ni saa ya nani.

Hifadhi za taifa nazo zinataka mpango. Nunueni kadi ya mwaka; kwa mkazi wa Marekani kwa miaka mingi imekuwa dola 80, na inaingiza gari zima. Kambi nyingi huanza kuwekewa nafasi miezi 6 kabla, na zile za Yosemite huisha haraka mno. Kilele cha Angels Landing kwenye hifadhi ya Zion, Utah, tangu Aprili 2022, hupandi bila kibali cha bahati nasibu. Msifike na hema mkononi mkategemea huruma ya mtu wa getini.

Sasa ndugu. Hapa ndipo wengi hawapangi kabisa, wanasema "tutapita tu". Sisi tulikuwa na watu Aurora karibu na Denver, Phoenix, Tacoma na Boise. Wazungumzaji wa Kiswahili wametapakaa huko kuliko watu wanavyodhani, na wengi wanafanya zamu za usiku hospitalini na kwenye maghala. Piga simu mapema, taja siku ya kufika na siku ya kuondoka, usiseme "katikati ya wiki". Tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huku hakuna atakayekupa jembe. Ataomba ruhusa kazini ili akae na wewe, na ruhusa hiyo pengine hailipwi. Msiende mikono mitupu, na fedha ya zawadi iwe kwenye bajeti kabla hamjawasha gari. Kaeni wawili mkubaliane siku ngapi kwa ndugu wa mume na ngapi kwa ndugu wa mke. Maneno haya yasemwe sebuleni kwenu, yasisubiri mfike uani kwa watu.

Na mkubaliane hili juu ya yote: siku ya kuondoka kwa ndugu isiwe siku ya kupanda wala kushuka mlima. Wekeni usiku mmoja katikati, mlale hotelini au kambini, mle, mpumzike. Sisi hatukuweka.

Phoenix tulifikia kwa wifi yangu. Alikuwa hajamwona kaka yake miaka 6. Usiku wa mwisho ulijaa jamaa, pilau, picha za zamani na simu za nyumbani, kila tukiinuka kwenda kulala wifi anasema, "Wifi, kaeni kidogo, mtalala uzeeni." Tuliingia kitandani saa 8 usiku. Saa 10 alfajiri tulikuwa barabarani kuelekea Grand Canyon, lile korongo kubwa la Arizona, maana niliona haya kupoteza siku tuliyoipanga tangu Januari. Mume wangu hakugusa chai. Alisema pilau ya dada yake itamfikisha mpaka kesho kutwa.

Mbao za pale juu zinakuambia waziwazi: wakati wa kiangazi usiwe njiani kati ya saa 4 asubuhi na saa 10 jioni, na usijaribu kushuka mpaka mtoni, chini kabisa ya korongo, na kurudi siku hiyohiyo. Mtoni hatukukusudia kwenda. Tulitaka kufika Havasupai Gardens tu, bustani iliyo njiani kabla ya mto, kilomita 7 na ushee kwa njia ya Bright Angel, kisha turudi. Tulianza saa 3 na nusu.

Kwetu mlima hukuchosha kwanza, ukishachoka unageuka na mteremko unakurudisha. Anayepanda Kilimanjaro akiishiwa nguvu, njia ya nyumbani inakwenda chini. Korongo ni kinyume chake. Unashuka ukiwa na nguvu, ukipiga picha na kusalimia watu, na kila hatua ya furaha ni deni la kulipa ukipanda. Ukingo wa kusini uko kwenye mita 2,100 hivi na asubuhi kuna ubaridi. Kila unavyoshuka joto linaongezeka, na kule mtoni kiangazi hupita nyuzi 40 kwa urahisi. Mpaka bustanini tulikuwa tumeshuka mita 900 na zaidi.

Mume wangu alikunywa maji. Kila mtu alikuwa ametuambia tunywe maji, naye ni mtu wa kusikia. Kila bomba alijaza chupa, kila kona alikunywa. Mimi nilikuwa natafuna karanga za chumvi alizonitilia wifi kwenye mkoba. Yeye nikimpa anasema tumbo limejaa.

Tulipoanza kupanda alilalamika kwamba pete ya ndoa inambana. Nikatazama, vidole vimevimba. Alikuwa akienda haja ndogo mara kwa mara, na mkojo mweupe kama maji. Kichwa kikaanza kumuuma, akatapika. Nikajua ni jua. Nikamkalisha kivulini nikafanya kile ambacho ningefanya kwa mtoto wangu: nikamwongezea maji. Akanywa, akanitazama, akaniuliza kama Denver tumeshaipita. Denver tulikuwa tumeiacha siku 9 nyuma.

Kwenye kibanda cha mapumziko kilicho karibu kilomita 5 kutoka juu tulimkuta mhifadhi, mama wa makamo. Hakuuliza habari za jua. Aliuliza mambo matatu: amekunywa kiasi gani, amekula nini, amekojoa mara ngapi. Nilipojibu alinyoosha mkono akaichukua chupa yangu ya maji akaiweka nyuma yake. Akazungumza kwenye redio, kisha akaanza kumlisha biskuti za chumvi, moja, anangoja, nyingine. Aliniambia akizidi kuchanganyikiwa au akipata degedege, itaitwa helikopta. Nilishika ile pete mfukoni, tulikuwa tumeshaivua kwa taabu, nikasoma kila dua ninayoijua. Saa moja na kitu baadaye mume wangu aliniita kwa jina langu na akauliza kwa nini nalia. Tulingoja jua lizame, tukapanda kwa tochi za kichwani, mhifadhi yuko nyuma yetu, tukafika juu saa 4 usiku imepita. Zahanati ikampima ikamwangalia mpaka asubuhi.

Ukitoka jasho unapoteza maji na chumvi pamoja. Jangwani jasho hukauka kabla hujaliona, kwa hiyo hujui umepoteza kiasi gani. Ukirudisha maji matupu lita kwa lita bila kula, chumvi (sodiamu) kwenye damu inazimuka, maji yanaingia ndani ya seli, na ubongo nao unavimba. Dalili zake zinafanana na za kupigwa na jua: kichwa, kichefuchefu, kuchanganyikiwa. Tofauti unaipata kwa yale maswali matatu. Mtu aliyekunywa sana, hakula, anakojoa mara kwa mara na vidole vimevimba, usimpe maji zaidi. Mpe kitu cha chumvi kama anaweza kumeza, mpumzishe, tafuta msaada. Akipoteza fahamu au akipata degedege, usimtie chochote mdomoni, ni dharura ya kuita watu wa uokoaji papo hapo.

Kwa hiyo kwenye begi: karanga za chumvi, biskuti za chumvi, bisi, na pakiti za ORS, zilezile tunazowapa watoto wakiharisha. Kula kila mnaposimama, hata kama njaa hakuna. Kunywa mkisikia kiu, msishindane. Asiyekula asubuhi hashuki, hata akiwa ni baba mwenye nyumba.

Yaliyobaki ni mafupi. Milima ya Colorado hupata radi mchana, kwa hiyo kileleni mfike na mshuke kabla ya adhuhuri. Kwenye hifadhi ya Yellowstone kaeni mita 23 kutoka kwa baisani, nyati wa kule, na mita 91 kutoka kwa dubu na mbwa mwitu, na msitoke kwenye njia za mbao karibu na chemchemi za moto. Udongo wa pale ni mwembamba na chini yake maji yanachemka. Yosemite chakula hakilali garini, kinaingia kwenye kabati la chuma la kambi, hata pilau iliyofungwa vizuri kwenye boksi la barafu, maana dubu hung'oa mlango wa gari. Matunda mliyopewa na ndugu yanaweza kuchukuliwa na wakaguzi mkiingia California. Makorongo membamba ya Utah hufurika kwa mvua iliyonyesha mbali, huku juu yenu mbingu haina wingu, basi ulizeni hali ya hewa kwa wahifadhi kabla ya kuingia. Moshi wa moto wa porini uangalieni kila asubuhi, na kipimo cha uchafu wa hewa (AQI) kikipita 150 msipande. Moto wenyewe msiudharau: Julai 2025 ulianza kwa radi ukaiteketeza Grand Canyon Lodge upande wa kaskazini. Mkiambiwa hakuna kuwasha moto kambini, msiwashe hata wa chai.

Na mwachieni ndugu mmoja ratiba iliyoandikwa: njia gani, mnaanza saa ngapi, mkichelewa mpaka saa ngapi apige simu kwa nani. Wifi yangu siku ile alikaa na simu mkononi mpaka saa 5 usiku akijua tu kwamba "tumekwenda Grand Canyon". Chumvi nayo igawanywe kwenye mabegi yenu yote mawili, maana mnaweza kupishana njiani.