Kuombea fedha kazi ya kupima msitu kwa leza: hatua ninazofuata Arabuko-Sokoke, msitu wa pwani ya Kenya

Andiko langu la kwanza la mradi lilikuwa na kurasa 11, na 7 kati ya hizo zilisifia droni, ile ndege ndogo isiyo na rubani inayobeba leza juu ya msitu. Lilikataliwa, na ilistahili. Siku hizi nikikaa na vikundi vya msitu huku Gede, tunaandika hivi.

Hatua ya 1: Taja uamuzi kabla ya chombo

Leza haihifadhi msitu. Anayehifadhi ni yule ofisa anayeamua doria ipite wapi wiki hii. Basi tafuta uamuzi mmoja ambao vipimo vitaubadilisha.

Mfano wetu ni mti wa muhuhu. Hukatwa mmoja mmoja, kwa wizi, uende kuchongwa vinyago. Picha ya setilaiti haikusaidii sana hapo: mti ukiondoka vichaka vinajaa, na kijani kikiangaliwa kutoka juu ni kijani tu. Leza hupima kimo: hutupa miale kutoka juu na kuhesabu muda inaochukua kurudi. Palipokuwa na mita 15 mwaka juzi, leo pana 4, hapo pana jambo. Swali letu likawa: doria ziongezwe sehemu gani? Liandike sentensi ya kwanza kabisa, neno leza lisubiri.

Na usiahidi vya baharini kwa chombo cha nchi kavu. Niliwahi kutia matumbawe ya Hifadhi ya Bahari ya Malindi katika ombi lilelile la msitu, nikidhani naongeza uzito. Leza nyingi za msituni hutumia mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho, na maji huufyonza. Kupima chini ya maji kunataka leza ya kijani, nanomita 532, yaani chombo kingine na bei nyingine. Mkaguzi aliliona mara moja. Aibu ile ni yangu.

Hatua ya 2: Maliza vya bure kwanza

NASA ina chombo kiitwacho GEDI, kilichopelekwa Kituo cha Kimataifa cha Anga Desemba 2018. (Ndiyo, jina kama la magofu yetu ya Gede, yaliyoingia Urithi wa Dunia mwaka 2024. Ukitafuta mtandaoni utachanganyikiwa.) Hupima kimo cha misitu kwa vidoa vya mwanga vyenye upana wa mita 25 hivi, vikiachana mita 60 njiani. Data yake hailipiwi. Haikuonyeshi mti mmoja mmoja, ila inatosha kuchora kimo cha sehemu ya miti ya mrihi na cha msitu mchanganyiko. Weka mchoro huo kwenye ombi, pamoja na nafasi kubwa zilizobaki tupu kati ya njia anazopita GEDI. Utupu huo ndio unaoombea pesa.

Hatua ya 3: Barua na vibali

Anza mapema kuliko unavyodhani. Huduma ya Misitu na Huduma ya Wanyamapori zote zinahusika na msitu huu, na Sheria ya Misitu ya 2016 inazipa nafasi jumuiya za misitu za wanakijiji. Droni ina vibali vyake kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na utafiti una leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi. Barua ya jumuiya itafute kwa miguu, usiitumie ujumbe wa simu.

Hatua ya 4: Bajeti

Hapa ndipo maombi mengi huzama. Msitu ni kama kilomita za mraba 420. Droni ikipita mistari inayoachana mita 60, kuumaliza wote ni kilomita 7,000 za kuruka. Hakuna mfadhili mdogo atakayekubali, na hata akikubali betri zitakutoa jasho. Chagua vipande. Sisi tulichagua kilomita za mraba 20.

Sasa piga hesabu ya diski. Kila mahali mwale unapogonga na kurudi huandikwa kama nukta moja. Nukta 100 kwa kila mita ya mraba, kwa eneo hilo, ni nukta bilioni 2. Kwa baiti 30 kila nukta, hiyo ni gigabaiti 60 kabla ya kubanwa, na nakala yake ya akiba ni 60 nyingine. Programu za kuchora ramani na kuchambua nukta zisikutishe: QGIS, CloudCompare na PDAL ni za bure.

Kinachosahauliwa ni watu wa chini. Leza haipenyi jani, hupita kwenye mianya. Pale vichaka vimesongamana, miale michache tu hufika ardhini, na ardhi ikikosewa kimo cha mti kimekosewa. Kwa hiyo lipa vijana waingie na kamba na vifaa vya GPS wapime viwanja vya mfano. Na usipange kuruka wakati wa masika, Aprili hadi Juni: matone ya mvua hurudisha mwanga wa leza.

Hatua ya 5: Nani atashika ramani

Wafadhili wengi hutaka data iwe wazi kwa wote. Fikiri kidogo. Ramani inayoonyesha ilipo miti mikubwa iliyobaki ni zawadi kwa mwenye msumeno. Sisi tunaahidi kutoa wazi umbo la ardhi na wastani wa kimo kwa kila hekta. Mahali ulipo mti mmoja mmoja panabaki kwa wasimamizi wa msitu. Ahadi hiyo naiweka ukurasa wa bajeti, chini ya mstari wa diski, maana ukurasa huo hausomwi haraka haraka.