Tilapia jike akigoma kula, mwache

Wenzangu wa Malindi mnaofuga tilapia kwa tangi ambalo maji yake hulisha mboga, vifaranga si lazima mnunue. Tenga dume mmoja na majike watatu kwenye pipa la pembeni, chini ya kivuli cha makuti. Ukiona jike hali, na kidevu kimevimba kama mtu anayesukutua, usimsumbue: ana mayai mdomoni. Baada ya wiki moja na nusu hadi mbili hivi atawaachia wana. Hapo wachote upesi kwa kipande cha chandarua kuukuu, wakubwa wasiwale. Mimi nilichelewa siku moja tu, nikaambulia wanne! Na maji ya kisima yenye chumvichumvi, tilapia huyavumilia. Mchicha ndio hunyong'onyea. Changanyeni na ya mvua.